Kurudi kwenye Gari Dogo: Mjadala wa Isiolo

Anayenunua gari dogo kwa mara ya kwanza hupongezwa. Anayelirudia baada ya kumiliki kubwa huulizwa kimempata nini. Mjini Isiolo swali hilo huwa zito kuliko Meru au Nanyuki, kwa kuwa hapa ndipo lami ya kutoka Nairobi ilipokomea kwa miongo mingi. Kutoka hapo kwenda Marsabit na Moyale ilikuwa changarawe, mawe na vumbi. Malori yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na askari, na gari la mtu binafsi lililoaminika lilikuwa Land Rover, baadaye Land Cruiser. Gari kubwa lilikuwa sharti la kufika, na aliyekuwa nalo aliheshimiwa kwa haki.

Mambo mawili yamebadilisha hesabu hiyo. La kwanza ni barabara. Sehemu ya Isiolo hadi Mto Merille, kilomita 136, ilitiwa lami kwanza. Kazi ikaendelea kwa vipande kupitia Marsabit na Turbi, na kabla ya miaka ya 2010 kwisha kilomita zipatazo 500 hadi Moyale zilikuwa zimekamilika. La pili ni ugatuzi ulioanza mwaka 2013. Isiolo ikawa makao ya serikali ya kaunti, mishahara mipya ikaingia mjini na mikopo ya magari ikafuata. Mwaka 2021 Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) iliidhinisha ruzuku ya gari ya Sh milioni 2 kwa kila mwakilishi wadi nchini, na huku kaskazini gari la mwenye cheo ni Prado. Hivyo mambo yakapishana: barabara ilipokuwa mbaya, wengi hawakuwa na uwezo wa kununua gari kubwa; uwezo ulipopatikana, sehemu kubwa ya safari zao haikulihitaji tena.

Gari dogo linalotajwa zaidi katika mjadala huu ni Toyota Probox, pamoja na pacha wake Succeed. Yote mawili yalitolewa Japani mwaka 2002, Probox ikichukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Ilikusudiwa kuwa gari la kazi: buti pana lenye sakafu bapa, milango mitano, dashibodi ya plastiki ngumu isiyojali vumbi. Injini inayoonekana zaidi Kenya ni 1NZ-FE ya sisi (cc) 1496. Wasafirishaji wa miraa wa Meru waliipenda kwa mwendo na kwa kubeba, na Isiolo, iliyo mwendo wa saa moja hivi kutoka Meru, ikaizoea kwa sura hiyo: gari lililokaa chini nyuma, likipita kwa kasi. Sifa hiyo imeidhuru Probox. Wengi waliijua kama gari la fujo kabla ya kuijua kama gari la familia.

Wanaosemezana hapa ni wanne, kila mmoja akibeba hoja za kundi lake: haji anayenunua na kuuza ng'ombe na ngamia, mwalimu wa sekondari aliyerudi kwenye Probox, muuguzi wa zahanati iliyo mbali na lami, na fundi wa gereji ya jua kali.

Haji ndiye wa kwanza kusema, na hoja yake ndiyo kongwe. "Mwalimu, wewe safari zako ni Meru na Nairobi. Mifugo yangu haikai kando ya lami. Iko Merti, iko Oldonyiro, iko Kinna kwa ndani. Mvua ikinyesha mahali usipopaona, laga iliyokuwa kavu asubuhi inashuka na maji jioni. Hapo nataka gari ambalo tumbo lake liko juu na magurudumu yote manne yanavuta. Na siku nikitaka kuliuza, Land Cruiser ya miaka ishirini haikosi mnunuzi."

Hakuna lililotiwa chumvi katika maneno hayo. Laga, yaani mkondo wa mchanga unaojaa maji kwa msimu, ndiyo iliyomeza magari mengi kaskazini. Mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023 zilikata barabara nyingi za eneo hili, na gari dogo halikuwa na la kufanya ila kusubiri. Hata maji yakipungua, mchanga uliolowa hulinasa gari lenye magurudumu ya inchi 13, saizi iliyokuja na Probox nyingi za mizigo, ambayo Wakenya wengi huibadilisha kwa inchi 14.

Mwalimu hakatai. Anachouliza ni safari hizo ni ngapi kwa mwaka, na ni za nani. "Haji, ningekuwa wewe ningenunua Land Cruiser. Lakini mimi naishi Bula Pesa na kazi yangu iko mjini. Nilikuwa na Probox, nikaiuza, nikachukua mkopo wa sacco nikanunua gari la juu la lita mbili na nusu lenye turbo. Laga sikuvuka hata moja. Nililivusha matuta ya barabarani tu."

Hesabu yake inaanza na petroli. Isiolo hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 285, kwenda na kurudi 570. Gari la kilomita 15 kwa lita hutumia lita 38 kwa safari hiyo. La kilomita 9 kwa lita hutumia 63 na ushei. Kwa bei ya mfano ya Sh 180 kwa lita, ni Sh 6,840 dhidi ya Sh 11,400. Tofauti ya Sh 4,560 kwa safari moja ni ada, ni unga, ni bili ya maji. Na bei haijatulia. Ushuru wa VAT kwa mafuta ulianza kutozwa kwa asilimia 8 mnamo Septemba 2018, ukapandishwa hadi asilimia 16 Julai 2023, na kufikia Oktoba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ilikuwa imepita Sh 217. Mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kila mji na bei yake, na mji kama Isiolo huongezewa gharama ya kusafirisha.

Juu ya petroli kuna bima. Bima kubwa hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo gari ghali hulipiwa zaidi hata likiwa limeegeshwa. Kuna tairi, ambazo kwa gari la juu huwa kubwa na za bei. Kuna mkopo wenyewe. Lakini mwalimu hasemi hayo ndiyo yaliyomrudisha. "Kilichonichosha ni kusubiri," anasema. "Gari linakufa Isiolo, kifaa kiko Nairobi, fundi anayekijua yuko Nairobi. Mimi naenda kazini kwa bodaboda na mkopo bado unakatwa kwenye mshahara."

Hapo fundi anaingia, na mjadala unatoka kwenye heshima na kwenda kwenye vyuma. Ni vyema ukakaa huko kwa muda, maana jibu la kwa nini gari fulani huaminika limo humo zaidi ya mahali pengine popote.

"Injini ya Probox haina siri," anaeleza. "Haina turbo. Ndani ina cheni ya taimingi, haina ule mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Ukiitia oili safi kwa wakati, plagi, chujio la hewa na maji ya rejeta yenye dawa, inakwenda. Na ikikataa, utajua imekataa wapi."

Cha pili anachotaja ni undugu wa vifaa. Injini ya 1NZ haimo kwenye Probox peke yake. Imo pia kwenye Premio na Allion za sisi 1500, kwenye Axio na Fielder, kwenye Sienta, Ist, Platz na Raum. Gari likiharibika, spea yake imo dukani kwa sababu wenye magari hayo mengine yote wanaihitaji pia, na injini za mitumba nazo zinapatikana kwa sababu hiyo hiyo. Duka la spea la mji mdogo haliwezi kuweka akiba ya kifaa kitakachoulizwa mara moja kwa mwaka. Litaweka kinachoulizwa kila wiki. Kwa hiyo gari lililozagaa huwa rahisi kulitunza, na kwa kuwa ni rahisi kulitunza, watu huzidi kulinunua. "Kifaa cha Probox ukikikosa hapa," fundi anasema, "unampigia mtu wa Meru, anakitia kwenye matatu, kinafika kabla ya jioni."

Gari la turbo ni habari nyingine. Turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno ikipashwa moto na moshi wa injini, na kinachoilinda ni utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kubadilishwa, au ikiwa hafifu, turbo ndiyo ya kwanza kulipa. Injini za kisasa za dizeli nazo husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa kupitia nozeli zenye vitundu vidogo sana. Dizeli yenye maji au uchafu ikinunuliwa kwenye mapipa njiani, nozeli huharibika, na kuzipima kunahitaji mashine ambayo gereji ya jua kali haina. Hii haimaanishi kwamba magari hayo ni mabovu. Yalitengenezwa kwa mazingira yenye mafuta safi, vipimo vya kompyuta na mwenye gari anayelipia servisi bila kuahirisha, na mwalimu aliyenunua la mitumba, lililopita mikono kadhaa, hakununua mazingira hayo pamoja nalo.

Haji anapinga kwa jambo lenye nguvu. "Fundi, Land Cruiser yangu ya zamani nayo haina kompyuta. Dizeli, pampu ya kawaida. Mbona unaisukuma kwenye kundi la magari ya mwalimu?"

"Haji, hiyo siisukumi," fundi anajibu. "Hiyo ni gari la kazi kama Probox, ila ya kazi nyingine. Ninayoyasema ni haya ya katikati."

Jibu hilo linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa mara nyingi mjadala huu hupotoshwa kuwa wa kubwa dhidi ya dogo. Land Cruiser ya chuma na Probox ni za ukoo mmoja wa kifikra: kila moja ilitengenezwa kwa kazi maalumu, kwa vipuri vichache, na kwa mtu asiyetaka kushangazwa. Linalowaumiza wengi ni gari la katikati, lenye umbo la gari la porini na utumbo wa gari la jijini. Lina bei ya la kwanza bila uwezo wake wa kuvuka laga, na lina matumizi ya mjini bila unafuu wa la pili.

Muuguzi ana kesi ngumu kuliko wote. Zahanati yake iko nje ya lami, na mshahara wake hautoshi kwa Land Cruiser. "Mnanisahau mimi," anasema. "Wakati wa kiangazi Probox inanifikisha. Mvua ikianza, hainifikishi. Nifanyeje, niwe na magari mawili?"

Mwalimu anajaribu kumtuliza kwa historia. Katika mbio za Safari Rally, anakumbusha, magari madogo yalishinda mara nyingi. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer ya sisi 1600 mwaka 1974 na tena 1976, kwenye matope na mawe ya Kenya hii hii. Hoja hiyo hupendwa sana na wenye magari madogo, na inapendeza kuliko inavyostahili. Lancer ya mashindano ilikuwa imeimarishwa, ilikuwa na mafundi wanaoisubiri njiani na vifaa tele, na dereva wake alikuwa mmoja wa bora duniani. Inaonyesha kwamba wepesi husaidia kwenye barabara mbovu. Haionyeshi kwamba muuguzi peke yake, saa kumi na mbili jioni, anaweza kuvuka maji.

Jibu la maana analipata kwa fundi. "Sista, siku ambazo njia imefungwa huwa chache. Kwa siku hizo panda Land Cruiser ya kukodi, au ya abiria, uache yako mjini. Ukijumlisha nauli hizo zote, haziwezi kufika deni la gari kubwa." Hapa ndipo upande wa gari dogo unaposimama imara zaidi. Gari lafaa kuchaguliwa kwa safari ya kila wiki, na safari ya nadra ikodiwe. Wengi hufanya kinyume: hununua kwa ajili ya safari moja ya Desemba, halafu hulipia uamuzi huo miezi kumi na miwili.

Muuguzi hamalizi hapo. Yeye ndiye anayepokea majeruhi, na anataka usalama uzungumzwe wazi. Barabara ya kaskazini hupitiwa na ngamia usiku, na ngamia ana miguu mirefu: gari la chini likimgonga hupiga miguu, na mwili wote huanguka kwenye kioo cha mbele na paa, walipo dereva na abiria. Gari kubwa lenye pua ya juu lina nafuu kidogo, ingawa si kinga. "Lami imewapa watu kasi," anasema, "na Probox haikutengenezwa kwa kasi hiyo, ikiwa imejaa watu."

Fundi anakubaliana naye bila kusita, na anaongeza jambo ambalo wenye gari dogo hawapendi kulisikia. Probox ya mizigo ilikadiriwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watano. Wanaoibebesha mara mbili ya hapo hupeleka gari gereji kuongezwa spring za nyuma, na gari likiinuka huona tatizo limekwisha. Spring ngumu haiongezi nguvu ya breki. Haiongezi uimara wa tairi wala wa sakafu iliyoshikilia shoki. Kutoka Isiolo kupanda hadi Subuiga, mahali barabara inapokutana na ile ya Nanyuki na Meru, gari lililojazwa hivyo huchemsha. Likishuka, breki hunuka. Sifa ya kuaminika ni ya gari linalotumiwa ndani ya kipimo chake, na Probox nyingi zilizokufa mapema zilikufa kwa mzigo.

Sera ya serikali nayo ina mkono wake. Mwishoni mwa mwaka 2015 Kenya ilianza kutoza ushuru wa bidhaa wa kiwango kimoja kwa magari: Sh 150,000 kwa lisilozidi miaka mitatu na Sh 200,000 kwa lililozidi. Mzigo ukawaangukia wanunuzi wa magari madogo ya zamani, kwa kuwa Sh 200,000 ni sehemu ndogo ya bei ya Prado lakini ni sehemu kubwa ya bei ya Probox. Mwaka 2016 utaratibu huo ulifutwa na hesabu ya asilimia ikarudi. Tangu mwaka 2019 mpaka umewekwa kwenye ukubwa wa injini: asilimia 20 kwa gari lisilozidi sisi 1500, asilimia 25 au zaidi kwa linalozidi hapo. Injini ya sisi 1496 imo upande wa nafuu.

Kanuni ya umri ndiyo inayobana sasa. Kiwango cha KS 1515, kinachosimamiwa na shirika la viwango, KEBS, huruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lisilozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Probox ya umbo la kwanza, yenye gia za mkono au otomatiki ya kawaida, ilifanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2014. Kwa hiyo tangu mwaka 2022 hakuna tena ya umbo hilo inayoweza kuingia nchini. Zinazoingia ni za baadaye, zenye giaboksi ya CVT, na baadhi tangu 2018 ni za haibridi. CVT hutumia oili yake maalumu. Ikitiwa oili ya giaboksi ya kawaida huharibika. Fundi wa Isiolo aliyejifunza kwa klachi na gia za mkono ana jambo la kujifunza upya, na mwalimu mwenyewe anakiri kwamba gari alilolirudia ni la aina ambayo idadi yake inapungua kila mwaka.

Haji anauliza basi afanyeje mtu anayeitaka ya zamani. Ana binti anayefungua duka mjini, na duka halihitaji Land Cruiser.

"Atafute iliyotumiwa na mtu mmoja, si ya biashara ya miraa," fundi anajibu. "Kwanza apekue rekodi ya mamlaka ya usafiri, NTSA, kwenye tovuti ya eCitizen aone kama kuna mkopo unaoidai. Kisha ainue zulia la buti atazame sakafu na mahali spring zinapokaa; akiona imechomelewa, imebeba mawe. Iwashwe asubuhi injini ikiwa baridi, asikubali kuikuta tayari ina moto. Cheni ikipiga kelele isiyotulia, au moshi wa bluu ukitoka, oili ilisahauliwa. Halafu niletee tuipandishe Subuiga na kuishusha."

Haji anauliza kama safari hiyo si ya kupoteza petroli. Fundi anasema ndiyo kipimo cha bei nafuu kuliko vyote: gari likirudi Isiolo breki hazinuki na maji ya rejeta hayajapungua, ndipo bei ianze kuzungumzwa.